Kipindi Kilichobaki Ukutani

Ukiingia katika ofisi ya walimu ya shule ya msingi hapa Tanzania, utaikuta ratiba kubwa imebandikwa ukutani, na ndani ya ratiba hiyo, mara nyingi mwishoni mwa siku, utakiona kipindi cha michezo kimeandikwa kwa wino uleule ulioandikia Hisabati na Kiswahili. Ukitoka nje saa hiyo iliyoandikwa ukaenda kuwatafuta watoto uwanjani, kuna uwezekano mkubwa usiwakute. Watakuwa darasani wakimalizia zoezi la asubuhi, au wanafagia mazingira kwa kuwa wathibiti ubora wa elimu, yaani wakaguzi wa shule, wanatarajiwa kesho yake, au wamekaa tu wanapiga kelele huku mwalimu wao akisahihisha rundo la madaftari. Nafundisha shule ya msingi, na siandiki haya kuwasengenya wenzangu. Najua kipindi hicho huchukuliwa na nani, na kwa sababu gani.

Sababu inayotajwa kwanza ni mtihani, na ni sababu ya kweli. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi haumtaki mtoto adake mpira, aruke kamba wala akimbie mita 50, na mwalimu mkuu anapoitwa kwenye kikao cha tathmini hataulizwa ni watoto wangapi wa darasa la tatu wanaoweza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Ataulizwa wastani wa ufaulu. Kwa hiyo kipindi cha michezo kimekuwa akiba ya shule. Somo lolote lililochelewa hukopa humo, na deni halilipwi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba waandaaji wa mitaala wamesahau. Mtaala wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo. Mageuzi ya mwaka 2015 yaliweka kukuza stadi za michezo na sanaa kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, bega kwa bega na kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo zima la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Majina yamekuwa matatu katika muda wa miaka ishirini hivi, lakini kwa shule nyingi kilichobadilika ni jalada la daftari. Nasema daftari kwa makusudi, kwa sababu pale ambapo somo hili linafundishwa, mara nyingi linafundishwa ubaoni: mwalimu anaandika vipimo vya uwanja wa netiboli, watoto wananakili; anaandika faida za michezo, watoto wananakili; kisha linakuja jaribio lenye swali la kutaja faida tano za michezo, na mtoto ambaye muhula mzima hajatoka jasho anapata tano kati ya tano. Sijui kama kuna somo jingine ambalo mtu anaweza kulifaulu kwa kuwa mbali nalo kiasi hicho.

Sababu ya pili haitajwi sana, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Tumezoea kuyachukua mashindano kana kwamba ndiyo michezo yenyewe. Tukisikia neno michezo shuleni, akili inakwenda moja kwa moja kwenye UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania: timu ya shule, timu ya kata, timu ya wilaya, kambi ya mkoa, vikombe, jezi, nyimbo ndani ya basi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliyasimamisha mashindano hayo kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo, na baadaye yakarejeshwa kwa hoja kwamba bila shule za msingi taifa halitapata wachezaji. Pande zote mbili zilibishana juu ya mashindano. Kipindi cha kawaida cha darasa la tano siku ya Jumatano hakikuwa na mtetezi upande wowote.

Sina ugomvi na UMITASHUMTA. Mtoto wa kijijini anayepanda basi kwenda makao makuu ya mkoa kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa sababu anaruka juu kuliko wenzake, anajifunza jambo ambalo mimi siwezi kumfundisha darasani. Hata hivyo, hesabu yake ni nyepesi. Shule yenye wanafunzi 1,200 itatoa wachezaji wa timu ya soka, wa netiboli, wa mpira wa mikono na wa wavu, pamoja na wanariadha wachache. Waliobaki wote, ambao ni zaidi ya watoto 1,000, watakuwa washangiliaji. Tena hao waliochaguliwa ndio waliokuwa wepesi tangu nyumbani, waliocheza chandimu mtaani kila jioni. Mtoto mzito, mwoga wa mpira, anayejikwaa kwa miguu yake mwenyewe, ambaye ndiye angefaidika zaidi na mwalimu, ndiye wa kwanza kuambiwa akae pembeni. Ingekuwa katika kusoma, tungeliona jambo hili kuwa la ajabu sana: kuwachagua wale ambao tayari wanasoma vizuri, kuwafundisha hao tu, na kuwaambia wengine wapige makofi.

Hoja ya vipaji nayo hutolewa kila mara, na huja na majina. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba mshindi alijulikana baada ya picha ya mstari wa kumalizia kuangaliwa. Nafurahia majina hayo kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini mtu anayetetea michezo shuleni kwa kutaja mabingwa peke yao anaidhoofisha hoja yake mwenyewe bila kujua, kwa kuwa mwalimu mkuu anaweza kumjibu kwamba katika shule yake hakuna Bayi, na hapo mazungumzo yanakwisha. Hatufundishi Hisabati ili kila kata itoe mwanahisabati. Tunaifundisha kwa sababu kila mtu atahesabu pesa, na kwa msingi huohuo kila mtu ataishi ndani ya mwili mmoja mpaka siku yake ya mwisho.

Sasa niseme kipindi chenyewe kinavyoweza kuwa, maana wengi wanadhani kinahitaji vifaa visivyokuwepo. Chukua darasa la nne lenye watoto 84, dakika 40, na mwalimu mmoja. Ukiwapa mpira mmoja, wavulana kumi na watano wataucheza na wengine watatawanyika. Ukiwagawa katika vikundi vitano, ukachora mistari ya majivu chini, unapata vituo vitano: kamba ya kuruka, mbio za kupokezana vijiti, gogo la kutembelea juu yake, kurusha na kudaka mpira wa matambara, na rede. Kila kituo kinachukua dakika tano, kipenga kinalia, vikundi vinahama. Dakika tano za mwanzo ni za kutoka na kupasha mwili, tano za pili ni za kupanga vikundi, na tano za mwisho ni za kunawa na kurudi darasani. Hakuna kilichonunuliwa hapo isipokuwa kipenga.

Itazame rede kwa karibu, ile ya chupa. Wawili wanasimama pande mbili zinazotazamana, na wa tatu anaingia katikati ambako kuna chupa tupu na mchanga. Wa pembeni wanarushiana mpira wa matambara wakilenga kumpiga. Yeye anatakiwa aijaze chupa mpaka mdomoni bila kuguswa. Msichana aliyezoea utamwona anachuchumaa, anachota mchanga kwa mkono wa kulia, na macho yake hayako kwenye chupa hata kidogo. Yako kwa yule mwenye mpira. Mpira unapotoka mkononi anaruka kando, anageuka kabla haujadakwa upande wa pili, anachuchumaa tena. Mrushaji naye amekwisha kugundua kwamba akirusha kwa nguvu anakosa, kwa hiyo anazuga, anainua mkono bila kuachia, anasubiri mwenzake aruke bure ndipo arushe. Katika dakika hizo chache mtoto ameinama na kuinuka mara nyingi kuliko ambavyo angekubali kama ningemwamuru, amekadiria umbali na mwendo, ameamua haraka na amebeba matokeo ya uamuzi wake mbele ya wenzake. Mihtasari ya masomo ina majina marefu ya stadi hizi. Bibi zetu walizicheza bila muhtasari, ndiyo maana nashangaa kuona walimu wanaogopa somo hili kana kwamba ni elimu ya kigeni, wakati wao wenyewe wamekulia kwenye kombolela, mdako na kuruka kamba.

Faida yake darasani huonekana siku hiyohiyo, ingawa sitaki kuipamba. Darasa lililotoka nje hurudi na vumbi, kiu na kelele, na pale ambapo shule haina maji ya kunywa wala ya kunawa, somo linalofuata huharibika kweli. Walimu wanaolalamika kuhusu hilo hawasemi uongo. Maji yakiwepo, dakika chache baadaye utapata utulivu ambao fimbo haiuleti. Mtoto wa miaka tisa aliyebanana na wenzake watatu kwenye dawati moja tangu asubuhi hasumbui kwa utundu tu, anasumbua kwa sababu mwili wake umefungwa. Tafiti zilizofanyika katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mazoezi husaidia umakini wa watoto, na kwamba muda unaotolewa kwa michezo kwa kawaida haushushi alama zao katika masomo mengine. Lakini hata bila tafiti, mwalimu wa kipindi cha saa saba mchana anajua ni darasa gani limelala macho wazi.

Kuhusu afya, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili zenye nguvu ya wastani hadi kubwa. Kuna watu wanaousoma mwongozo huo na kucheka. Wanasema mtoto wetu wa kijijini anatembea kilomita kadhaa kwenda shule na kurudi, anachota maji, anapalilia, anachunga. Huyo umwongezee mazoezi ya nini? Ni hoja yenye uzito na haistahili kupuuzwa. Miguu yake kweli ina nguvu, na pumzi anayo. Lakini kubeba ndoo kila siku hakumfundishi kudaka, kulenga, kuruka na kutua salama, kuogelea, wala kushindana na mwenzake akashindwa bila kurusha ngumi. Kazi hurudia mwendo mmoja mpaka mtoto achoke. Mchezo humtaka ajaribu miendo mipya, na humpa furaha ambayo ndoo haina. Isitoshe, kazi hizo hazikugawanywa sawa: dada yake ndiye anayebeba nyingi zaidi, na jioni kaka anapokwenda uwanjani yeye yuko jikoni. Kwa msichana huyo, kipindi cha michezo shuleni huenda ndiyo saa pekee ya kucheza aliyonayo kwa wiki nzima.

Mtoto wa mjini ana tatizo lililo kinyume chake. Katika jiji kama Dar es Salaam yupo anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri, akasinzia njiani, akakaa darasani, akarudi na basi lilelile jua likiwa linazama, akafanya kazi za nyumbani na kulala. Wikendi ana masomo ya ziada na luninga, na uani hakuna nafasi ya kukimbia kwa sababu gari limeegeshwa. Wazazi wake wanalipa ada kubwa na wanamlisha vizuri, pengine vizuri mno. Shule nyingine zinajitangaza kwa picha ya bwawa la kuogelea ambalo darasa moja hulifikia mara chache kwa muhula. Watoto hawa ndio wanaonipa wasiwasi zaidi ninapofikiria shinikizo la damu na kisukari, magonjwa tuliyozoea kuyahesabu kuwa ya wazee.

Nirudi kwa wasichana, kwa kuwa kuwaandikia kipindi kwenye ratiba hakutoshi. Msichana wa darasa la sita aliyevunja ungo anakimbia huku mkono mmoja umeshika sketi. Mtazame kwenye mbio za vijiti: anapokea kijiti kwa mkono wa kushoto, wa kulia hauachii kitambaa, na kwa sababu hiyo anapitwa na mtu ambaye asingempita. Si mvivu, anajistiri mbele ya wavulana wanaomcheka. Suruali nyepesi au bukta ndefu chini ya sketi inalimaliza jambo hilo, na kwa wasichana wa Kiislamu suruali pana na hijabu ya kitambaa chepesi. Ni suala la kuzungumzwa kwenye mkutano wa wazazi kwa lugha ya heshima, ili mama asikie kwamba binti hatavuliwa staha yake, na baba asikie kwamba gharama yake ni ndogo. Choo chenye mlango, maji, na mwalimu wa kike wa kumweleza shida zake bila haya vinafanya kazi kubwa kuliko kauli mbiu yoyote.

Halafu yuko mtoto mwenye ulemavu, ambaye katika shule nyingi amepewa kazi ya kudumu wakati wa michezo: kulinda viatu na masweta ya wenzake chini ya mti. Anaifanya kwa uaminifu, na sisi tunampongeza. UMITASHUMTA katika miaka ya karibuni imeingiza mpira wa goli kwa wasioona, unaochezwa kwa kuviringisha mpira wenye sauti kuelekea goli la wapinzani, na soka kwa wenye ulemavu wa kusikia, hatua ambayo naipongeza kwa moyo wote. Ila mtoto wa chini ya mti hasubiri kufika taifani, anasubiri Jumatano. Mpira wa goli hauhitaji makubwa. Funga njuga kwenye mpira, wafunge vitambaa machoni wachezaji wote, wanaoona na wasioona, wapige magoti pande mbili za mstari. Hapo anayeona ndiye anayepapasa, na asiyeona ndiye anayeusikia mpira mapema. Mtoto mwenye mguu mmoja dhaifu anaweza kurusha akiwa ameketi, na anaweza kuwa mwamuzi mwenye kipenga cha kweli, si mlinzi wa kandambili.

Lipo jambo jingine dogo ambalo linafanya madhara makubwa, na linatoka kwetu walimu. Mwanafunzi akichelewa, anazungushwa uwanja mara kadhaa. Akipiga kelele, anaruka kichura mpaka mapaja yatetemeke. Asipofanya kazi ya nyumbani, anapiga pushapu mbele ya darasa. Kisha siku ya Jumatano tunamwambia kwamba kukimbia na kuruka ni afya na burudani. Hatuwezi kuitumia shughuli moja kuwa adhabu asubuhi na zawadi mchana, halafu tukashangaa kwamba watu wazima wa nchi hii wengi wao hawajawahi kukimbia kwa hiari tangu waondoke shule. Hata mchakamchaka, ambao kwangu ni mojawapo ya desturi nzuri kabisa za shule zetu, kwa wimbo wake wa kuitikiana na miguu inayotua pamoja, umeharibiwa mahali ambapo mwalimu wa zamu anakimbia nyuma na fimbo akiwachapa wanaobaki. Wanaobaki nyuma ni walewale wazito, au ni walioondoka nyumbani bila hata kikombe cha uji. Mtoto mwenye njaa asilazimishwe kukimbia hata kidogo. Shule yenye uji wa saa nne inaweza kuweka michezo baada ya uji, na isiyo na uji inaanzia hapo kabla haijazungumzia mbio.

Walimu wenye ujuzi wapo, ingawa hawatoshi. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kimewafundisha wengi, na baadhi yao ukiwakuta shuleni wamepangiwa masomo mengine, kama Sayansi, kwa kuwa walimu wa masomo hayo ni pungufu. Ningependa kila mwalimu wa awali na wa darasa la kwanza hadi la tatu apate mafunzo mafupi ya kuongoza vituo kama nilivyoeleza, kabla ya kufikiria wataalamu, kwa sababu miaka hiyo ndiyo ambayo mwili wa mtoto hujifunza haraka. Na kuhusu kupima, sitaki mtihani wa taifa wa michezo. Tutapata maswali ya kuchagua jibu kuhusu urefu wa goli. Karatasi ya maendeleo ya mtoto inayokwenda kwa mzazi iwe na mstari unaosema anaweza kudaka, anaweza kuruka, anashirikiana na wenzake, nayo ijazwe na mwalimu aliyemwona.

Linalobaki ni ardhi, na hilo haliko mikononi mwa mwalimu. Viwanja vya shule za msingi, hasa mijini, vimekuwa vikimegwa kidogo kidogo: jirani anasogeza ukuta, njia ya mkato inageuka barabara, fremu za biashara zinajengwa upande wa barabara ili shule ipate kodi, na mwisho shule yenyewe inajenga vyumba vya madarasa katikati ya uwanja kwa kuwa watoto wameongezeka sana tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Huyu wa mwisho ni vigumu kumlaumu. Madarasa yanahitajika, fedha zimekuja na muda wa kuzitumia, na mahali palipo wazi ni uwanjani. Ndiyo maana kamati ya shule inapaswa kuwa na ramani iliyopimwa na hati mkononi kabla fundi hajafika, ikaamua mapema ni wapi patajengwa na ni wapi hapatajengwa kamwe, na pale panapobana ikaomba jengo la ghorofa badala ya safu nyingine ya vyumba. Shule isiyo na mawe ya mipaka inamjibu mvamizi kwa maneno matupu. Yenye hati inaweza hata kumwomba arudishe mita zake.